Fremu ya chuma ya kupandishia maua: jikinge na macho ya jirani bila kugusa ukuta wa mwenye nyumba

Nyumba ninayopanga iko Tabata, uani kuna kamba ya nguo, karo la kufulia na kivuli kidogo cha mwembe ambapo jioni tunakaa na kahawa, basi jirani akapandisha ghorofa na dirisha lake la sebuleni likawa linatazama moja kwa moja kwenye kiti changu. Sio mtu mbaya, tunasalimiana vizuri tu, lakini kula wali wako huku mtu yuko juu anakuangalia haipendezi, na mke wangu akawa hatoki kuanua nguo mpaka ajitande mtandio. Nikamuomba baba mwenye nyumba nitoboe ukuta niweke waya nipandishe maua, akasema ukuta wangu usiuguse. Na kodi nilishalipa ya miezi sita, nitaenda wapi.

Ndo nikaingia kwenye hizi fremu za chuma zinazosimama zenyewe, hazitobolewi popote na ukihama unahama nazo. Nimezitengeneza mara mbili, ya kwanza ilianguka, ya pili mpaka leo ipo, kwahiyo haya nayoandika yamenigharimu sahani (ntaeleza).

Jina lenyewe kwanza: ukimwambia fundi unataka kichanja atakutengenezea cha kuanikia vyombo, we sema fremu ya kupandishia maua na umchoree kwenye karatasi kabisa, na vipimo umeandika.

Hatua ya 1: pima macho, usianze na kupima uwanja

Wengi tunakimbilia kuisimamisha fremu mpakani, imegusana na ukuta wa fensi, kwa sababu akili inakwambia ziba kule anakotokea. Kwa jirani wa chini sawa. Kwa jirani wa ghorofani hapana, maana yeye anaangalia kwa kushuka, ukiisogeza fremu mbali na wewe anaichungulia juu yake kirahisi kabisa. Mfano, macho yake yako mita 4.5 toka ardhini na fremu iko mita 6 toka dirishani kwake, na wewe umekaa kwenye kiti, kichwa chako kiko mita 1.2. Fremu ya mita 1.8 itakuficha ukikaa ndani ya mita 1.3 hivi nyuma yake, ukirudi nyuma zaidi ya hapo unaonekana. Ukiipandisha mpaka mita 2.1 unapata kama mita 2.2 za kujidai. Kwahiyo isogeze karibu na kiti, karibu na karo, karibu na hicho unachokificha.

Kama hesabu hutaki kuna njia ya bure, kaa kwenye kiti chako pale pale unapokaa kila siku, mtu asimame mbele yako na mti wa kuangulia maembe, aweke alama na kitambaa, apandishe taratibu mpaka kile kitambaa kizibe dirisha la juu machoni mwako, hapo pima urefu. Kama wewe hulioni dirisha na dirisha halikuoni. Rudia ukiwa umesimama kwenye kamba ya nguo, utashangaa jinsi vipimo vinavyobadilika, na hapo ndo unaamua unataka kufichwa ukiwa umekaa au ukiwa umesimama, maana vyote viwili kwa fremu moja ni ngumu.

Sababu nyingine ya kutoiweka ukutani: fremu iliyoegemea fensi ni ngazi, na mwizi wa Dar hahitaji kualikwa. Pia usiisimamishe chini ya waya wa umeme unaoingia nyumbani. Chuma na waya ule havikai pamoja, mvua ikinyesha ndo kabisa.

Hatua ya 2: miguu

Hapa ndo kwenye kazi yote, mengine ni mapambo, kwahiyo nivumilie nikiongea sana.

Fremu ya kwanza nilipeleka kwa fundi wa mtaani akaniambia tumwage zege kwenye ndoo mbili za lita 20 tuchomeke miguu mle, "bosi hii hata tembo haiangushi". Na kweli ilikuwa nzito, ndoo ya lita 20 ikijaa zege inafika kilo 48 hivi, mbili ni karibu 100, tuliisogeza watu wanne tunahema. Nikapandisha pasheni ikajaa majani mpaka juu, nikawa najisifia kwa kila anayekuja. Masika yalivyoingia, usiku mmoja ukaja ule upepo unaotangulia mvua, nikasikia kishindo, kutoka nje nakuta fremu imelala kifudifudi juu ya kichanja cha vyombo cha mama mpangaji wa chumba cha mbele. Sahani zote za udongo kwisha. Nikanunua sahani, na wiki nzima ananijibu salamu kwa kichwa.

Nikawa najiuliza kilo mia zimeangukaje. Kumbe uzito peke yake sio dawa. Fremu tupu upepo unapita katikati ya vyuma, ikishajaa majani inakuwa tanga la jahazi. Chukua fremu ya mita 1.8 kwenda juu na mita 1.2 upana, imejaa majani: upepo wa kilomita 50 kwa saa unaisukuma kama mzigo wa kilo 25 mpaka 30 hivi, na unaisukumia katikati, yaani sentimita 90 toka chini. Kilo 30 mara 0.9 ni 27. Sasa kinachozuia isianguke ni uzito wote mara nusu ya upana wa mguu, upana wa kwenda mbele na nyuma. Kitako cha ndoo ni kama sentimita 26, nusu yake 13, kilo 100 mara 0.13 ni 13. Haijafika hata nusu ya 27! Ukitengeneza mguu wa sentimita 80, nusu yake 40, kilo zile zile 100 zinakupa 40 na upepo unapita kwa heshima.

Kwahiyo mguu uwe mpana. Sentimita 80 kwa fremu ya mita 1.8, na ukienda mita 2.1 fanya mita moja kabisa. Najua unakula nafasi ya uwanja na watoto watajikwaa wiki ya kwanza, watazoea. Juu ya miguu weka matofali ya saruji ya inchi 6, moja ni zaidi ya kilo 25, kila mguu matofali mawili, moja mbele moja nyuma, jumla manne. Nayapenda kuliko zege kwa sababu siku ya kuhama unayashusha moja moja, fremu inabebwa na watu wawili.

Kama una hela kidogo ya ziada na uwanja ni wako, tengeneza boksi la kupandia lenye fremu humo humo, la urefu wa mita 1.2, upana sentimita 40 na kimo 40. Udongo wake ukiloa unapita kilo 250. Lakini angalia boksi nalo ni jembamba, nusu yake ni sentimita 20, 250 mara 0.2 ni 50, inatosha vizuri, ila udongo ukikauka sana mwezi wa pili uzito unashuka, usisahau hilo. Na boksi hilo usilipandishe kwenye baraza la ghorofani, pale weka ndoo ndogo zenye udongo mwepesi uliochanganywa na usumba wa nazi, na fremu uifunge kwenye chuma za baraza.

Hatua ya 3: kununua vyuma

Nenda Gerezani kwenye maduka ya vyuma au hadwea yoyote kubwa karibu na wewe. Kwa fremu moja nanunua skwea paipu (paipu za mraba) mbili za inchi moja za mita 6, nondo moja ya milimita 8, na waya wa sinki (uliopakwa zinki ya kuzuia kutu) wa milimita 2 au 3. Skwea paipu omba yenye unene wa milimita 1.5, ile nyembamba ya milimita 1 inavutia kwa bei ila kwenye kuchomelea inatoboka na kutu ikianza inaimaliza haraka. Beba futi yako, pima urefu kabla ya kulipa, maana paipu nyingine zinapungua na hesabu yangu imebana.

Hesabu yenyewe: paipu ya kwanza inatoa fremu nzima, mbili za mita 1.8 na mbili za 1.2, inaisha pale pale, kile kidogo kinacholiwa na disiki ya grenda hakina neno. Paipu ya pili inatoa miguu miwili ya sentimita 80, mikingamo minne ya sentimita 50 inayotoka kwenye ncha ya mguu kwenda kushika nguzo (bila hiyo mguu utapinda kwenye weldingi), na inabaki mita 2.4, hapo kata vipande vinne vya sentimita 40 uvichomelee kwenye ncha za miguu kama herufi T ili tofali likae halichezi. Nondo ya mita 12 inatoa fito sita za kusimama na moja ya kulala katikati. Nafasi kati ya fito zinakuja kama sentimita 16, mkono unapita, na ndo unavyotaka ipite maana siku za kukata majani makavu utashukuru.

Unaokaa Msasani, Kigamboni, Mbezi Beach, kule chumvi ya bahari inakula chuma usiku na mchana, ukiweza nunua paipu za sinki. Ila kuna jambo: ukichomelea chuma cha sinki, ile sinki inaungua na moshi wake ni sumu, unaleta homa na kifua. Fundi akwangue sinki kwenye kiungo kwanza, afanyie nje penye upepo asimame upande unakotokea upepo, na akimaliza viungo vipakwe rangi ya sinki, la sivyo kutu itaanzia hapo hapo.

Hatua ya 4: kwa fundi

Kaa naye. Sio kumsimanga, kaa tu na soda yako. Vitu vitatu vya kuangalia: ncha zote za paipu zilizo wazi juu zizibwe kwa kipande cha bati nene, kwa sababu maji ya mvua yakiingia ndani ya skwea paipu inaozea ndani kwa ndani na nje unaona rangi inang'aa. Chini kila mguu atoboe katundu ka milimita 5 maji yapate pa kutokea. Na weldingi izunguke kiungo chote, wengine wanadonoa vidonge viwili wanasema imeshika. Ukimaliza isimamishe kwenye sakafu iliyonyooka uitikise, ikicheza irudi.

Hatua ya 5: rangi

Usiruhusu apake pale pale chuma kikiwa na moto wa weldingi. Gonga yale magamba yatoke, piga brashi ya waya, piga msasa, futa na tina (ile ya kuzimulia rangi), halafu redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mikono miwili, ikauke, halafu rangi ya mafuta mikono miwili. Siku yenye unyevunyevu wa mvua acha. Rangi gani? Nyeusi na kijani kiza zinapotea nyuma ya majani, inapendeza sana, ila zinashika joto. Jua la saa nane la Januari likipiga chuma cheusi ncha changa za mche zinaungua, nimeziona zimekauka kama zimepitishwa kwenye moto. Mimi niliacha nyeusi nikazungushia kamba ya usumba kwenye zile fito za nondo, mche unashika vizuri na chuma hakiuchomi, na kwa macho inakaa kama kitu cha hotelini Zanzibar.

Hatua ya 6: mmea gani

Kabla ya kwenda kwa wauza miche wa barabara ya Bagamoyo ukaanza kununua kwa rangi ya ua, jiulize mmea unapandaje. Ipo ya aina nne na fremu inayofaa mmoja haifai mwingine.

Kuna inayojishika kwa vile vikamba vinavyojikunja kama springi: pasheni, madodoki, karela, matango. Vikamba vile haviwezi kuzunguka kitu kinene, skwea paipu ya inchi moja kwao ni ukuta, ndo maana nilisema nunua waya wa sinki, utandike kwa kulala kila baada ya sentimita 20. Pasheni kwa Dar chukua ya njano, ile ya zambarau inataka baridi ya milimani. Na ya njano panda miche miwili iliyotokana na mbegu tofauti, maana mmoja haujibebeshi wenyewe, utapata maua mengi na tunda hamna, halafu uanze kusema umelogwa. Wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao ndo wanaoubebesha, usiwaue.

Kuna inayojisokota yenyewe kama kamba: yasmini, nderema ya mboga, fiwi, na lile ua la bluu ambalo watu wanakaushia chai. Hizi zinapanda fito ya nondo bila shida. Lile la bluu ndo la kuanzia kama una haraka, mbegu unaziloweka usiku mmoja, kwenye kama miezi miwili unaona maua. Nderema nayo haraka na unaila. Kuna na ule mmea ambao maua yanafunguka meupe jioni yananukia, kesho yake yanakuwa ya pinki, kisha mekundu, kichane kimoja rangi tatu, mzuri sana na unaziba kabisa, ila una nguvu, usiuweke kwenye fremu nyembamba.

Kuna isiyojishika na chochote, inajiegemeza tu: bogenvilia. Watu wanaipanda wanasubiri ipande. Haipandi, lazima uifunge. Inataka jua la masaa sita kwa siku, ukiipa kivuli utapata majani na miiba tu. Ikishashika usiimwagilie kila siku, ukiibembeleza na maji na mbolea inanenepa majani, ukiibania kidogo ndo inatoa ile rangi. Wakati wa kuhamisha kutoka kwenye mfuko chana mfuko taratibu udongo usimwagike, mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Kwa jirani wa ghorofani ndo chaguo langu, na miiba yake ni askari wa bure.

Aina ya nne inatoa mizizi midogo inagandia kwenye ukuta au mti. Kwenye chuma haigandi, achana nayo.

Alamanda ile ya maua makubwa ya njano ni nzuri, lakini ina utomvu wa sumu, kama una mtoto anayeweka kila kitu mdomoni panda kingine.

Hatua ya 7: kupanda na maji

Panda mwanzo wa vuli au mwanzo wa masika mvua ikusaidie. Udongo mimi nachanganya ndoo mbili za udongo mweusi, moja ya samadi ya mbuzi iliyokaa ikaoza, moja ya mchanga. Mche uwe sentimita 15 toka kwenye fremu, uuinamishe kuelekea kwenye chuma. Januari na Februari cha kwenye ndoo kinataka maji kila siku, na kwa mgao wetu wa maji unajua mwenyewe, mimi natumia ya kuoshea mchele na mboga. Usiweke sahani chini ya ndoo ya maua ikatuama maji, mbu wa dengi anazaliana humo humo na anauma mchana, Dar tumeshaonja 2014 na 2019.

Hatua ya 8: kufunga na kukata

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: kuusuka mche ndani nje ndani nje kwenye fito. Mwanzoni unapendeza. Shina likinenepa linajinyonga kwenye chuma, na siku unataka kupaka rangi upya huwezi kuutoa mpaka uukate. Uweke upande mmoja wa fremu, ufunge kwa vipande vya tisheti kuukuu, fundo la herufi 8, mzunguko mmoja chuma mzunguko mmoja shina, uache nafasi ya kidole. Waya usifungie, unakata gome.

Kujaza chini ndo kunakoziba, kwahiyo machipukizi ya kwanza yalaze kwa upande, usiyaache yakimbilie juu yote, la sivyo utapata mwavuli juu na miguu mitupu, na jirani wa chini anakuona mpaka magoti. Kabla upepo wa kusi haujakaza, mwezi wa nne hivi, punguza majani ya juu theluthi moja ili upepo upate pa kupita, na msitu ule ukiuacha mnene sana chini nyoka naye anapapenda.

Kila mwaka pitisha jicho kwenye viungo, ukiona doa la kutu kwangua siku hiyo hiyo upake, doa la shilingi likiachwa masika moja ni tundu. Na siku ya kuhama, wiki mbili kabla kata mmea ubaki kimo cha goti, shusha matofali, fremu ilazwe kwenye kirikuu juu ya godoro. Usiilaze nje getini usiku wa kuamkia safari ukisema asubuhi tutapakia, wale vijana wa skrepa wanaamka kabla yako.